Kabla hujamhamishia bintiyo shule mpya ya mahitaji maalum

Salaam dada. Nimesoma swali lako: shule mpya ya msingi ya watoto wenye mahitaji maalum imefunguliwa upande wa Bamburi, bintiyo ana mtindio wa ubongo na anatumia kiti cha magurudumu, nanyi mnakaa Likoni. Unauliza utaipimaje na haina hata tokeo moja la KPSEA, ile tathmini ya taifa ya mwisho wa shule ya msingi. Mimi ni baba wa kijana mwenye usonji, na shule za aina hii hapa Mombasa, za serikali na za binafsi, nimezizunguka sana.

La matokeo liweke kando. KPSEA ni ya Gredi ya 6, kwa wanaofuata mtaala wa kawaida. Watoto wengi wa shule hizi wako kwenye mkondo wa hatua, ambapo mtoto hupanda kwa anachoweza wala si kwa umri, na wao tathmini yao ni KILEA. Kwa hivyo muulize mwalimu mkuu: binti yangu mtamweka mkondo gani, na mtaamuaje? Wapo watoto wa mtindio ambao mkono haushiki kalamu lakini hesabu wanazipiga kichwani kuwashinda kaka zao. Akikupa jibu kabla ya kumwona mtoto wala kuulizia ripoti ya EARC (kituo cha serikali kinachotathmini watoto wenye mahitaji maalum), huyo anatafuta karo tu. Kama hujampeleka EARC, anzia huko. Tathmini ni haki yake.

Karatasi hazichukui muda. Cheti cha usajili wa shule, namba za walimu za TSC (tume ya walimu), na nani kati yao amesomea elimu maalum, iwe KISE, taasisi ya taifa ya elimu maalum, au chuo kikuu. Ukiona mwalimu mmoja ndiye aliyesomea na waliobaki wote ni wasaidizi, uliza siku akiugua nani hufundisha.

Sasa nenda mwenyewe, na uende saa ya mapumziko au ya chakula, si asubuhi wageni wanapotarajiwa. Shule moja nilionyeshwa chumba cha mazoezi, mashallah, kimepakwa rangi kama keki ya harusi. Mipira mikubwa ilikuwa bado imo ndani ya plastiki yake, na mwalimu alikwenda kutafuta ufunguo akakawia. Hapo nikajua hakuna mtoto anayeingia. Mtaalamu wa mazoezi anakuja siku gani, na anaandika wapi alichofanya? Wakuonyeshe daftari la mtoto mwingine, jina limefunikwa.

Choo ndicho hukwambia ukweli wote. Ingia na kile kiti cha bintiyo, usikisie kwa macho. Mlango unapitika? Kuna nafasi ya kukigeuza, na chuma cha kushikilia? Nani humbadilisha msichana, mwanamke au yeyote aliyepo, na pazia lipo? Watoto hawa wengi hawawezi kusimulia waliyofanyiwa, kwa hivyo hili usilionee haya. Uliza pia wanafanyaje mtoto akikataa kutulia. Kiboko kimepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, lakini kufungiwa chumbani au kufungwa mkanda kitini kutwa nzima hakuonekani kwenye ngozi.

Wakati wa kula, mtazame mtoto mwenye hali nzito kuliko wote. Nimewahi kumwona msaidizi amekaa nyuma ya kijana, mkono wake juu ya mkono wa mtoto, kijiko kinapanda polepole, nusu ya uji kifuani, na hana haraka. Kwingine niliona watoto wamelazwa vichwa nyuma wanamiminiwa. Kwa mtoto wa mtindio hilo ni hatari, chakula huingia mapafuni. Mimi ningeondoka palepale.

Na joto, jamani. Madarasa ya mabati Februari na Machi ni tanuri, na watoto wenye kifafa huteseka. (Wangu yeye hawezi kabisa kelele za feni, kwa hivyo hata suluhisho lina maudhi yake.)

Linalonitia wasiwasi zaidi kwenu ni njia. Likoni hadi Bamburi ni foleni ya feri, kisha Nyali, kwenda na kurudi. Gari la shule lina kamba za kufungia kiti, au wanambeba wakamweka kwenye siti? Nani anakaa nyuma na watoto, na anajua kufanya nini mmoja akishikwa na kifafa katikati ya feri? Mtoto anayefika amechoka hasomi, hata mwalimu awe bingwa.

Yakikuridhisha hayo, omba mpango wa masomo wa bintiyo ulioandikwa kwa maneno yanayopimika: "ataketi bila kushikwa muda wa hadithi moja," si "ataimarika." Usilipe mwaka mzima, lipa muhula mmoja, na hiyo nafasi yake ya sasa usiiachie hadi muhula huo uishe.