Splaini ni ufito: majibu kwa wanaochora mikunjo kwenye kompyuta

Shikamoo mwalimu. Nimeweka picha ya mgongo wa kiti cha zamani kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea, na kuufuatisha kwa splaini, yaani mstari uliopinda unaoongozwa na nukta. Nilitumia nukta kama 40 ili nisikosee, lakini mstari unatetemeka. Nikisogeza nukta moja, tetemeko linahamia pengine. – Mwanafunzi wa useremala, Morogoro

Marahaba. Mkono wako hauna tatizo, nukta ndizo zilizozidi.

Kabla ya kompyuta, wachoraji wa meli walitumia ufito mwembamba wa mbao. Waliulaza juu ya karatasi au sakafu, wakaushikilia kwa vipande vizito vya madini ya risasi, kisha wakapitisha penseli kando yake. Jina la ufito huo kwa Kiingereza, spline, mwanahisabati Isaac Schoenberg alilitumia katika hisabati mwaka 1946, na ndilo tunalolikuta leo kwenye programu za kuchorea. Kwa hiyo ukiwa mbele ya skrini, fikiria umeshika ufito. Ukiubana sehemu 3 utapinda kwa uzuri wake wenyewe. Ukiubana sehemu 40, kila mbano uliokosea kwa milimita 1 unauumiza mstari mzima. Splaini ni tiifu: inapita kwenye kila nukta uliyoweka, hata ile uliyoibofya juu ya kivuli ukidhani ni ukingo wa mbao.

Futa uanze upya. Weka nukta mwanzoni na mwishoni, pale mpindo ulipo mkali kuliko kwingine, na pale mstari unapoacha kupindia ndani na kuanza kupindia nje. Kwa mgongo wa kiti wenye umbo la S, nukta 5 au 6 zinatosha. Kisha tazama mstari umeachana na picha wapi. Jaribu kwanza kusogeza nukta iliyo karibu na hapo, na ukishindwa kabisa ndipo uongeze nyingine moja.

Naona splaini yangu ina nukta za aina mbili: zilizo juu ya mstari na zinazoelea pembeni. Nitumie zipi? – Mchoraji, Mwanza

Zilizo juu ya mstari tuziite nukta za kupitia, na zinazoelea tuziite nukta za kuvuta. Kwenye AutoCAD, bofya splaini kisha ubofye pembetatu ndogo inayojitokeza. Hapo utabadilisha aina inayoonekana.

Ukiwa na vipimo ambavyo mstari lazima uvipitie, tumia nukta za kupitia. Ukiwa unatafuta umbo, tumia za kuvuta. Njia hii ya kuvuta ilizaliwa kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa: Paul de Casteljau akiwa Citroën na Pierre Bézier akiwa Renault, kila mmoja kwa njia yake, walitaka mbunifu aweze kurekebisha bodi ya gari bila kupigana na hesabu. Faida yake utaihisi mkononi. Katika splaini ya daraja la 3, iliyo ya kawaida, nukta moja ya kuvuta haigusi zaidi ya vipande 4 vya mstari vilivyo jirani, na kwingine kote kunabaki kulivyokuwa. Nukta ya kupitia ukiisogeza, programu inakokotoa mstari upya, na mwangwi wake unaweza kufika mbali.

Mimi karibu kazi zangu zote namalizia kwa nukta za kuvuta.

Naweza kuchora duara kwa splaini? – Msomaji, Nakuru

Chora duara kwa amri ya duara. Splaini ya kawaida inalikaribia tu duara, hailifikii. Zipo splaini ambazo nukta zake hupewa uzito tofauti, na hizo zinalipata duara kamili, lakini ukitaka tundu la bomba hakuna sababu ya kupita njia hiyo.

Kaka, nimechora kaunta ya mapokezi: ubao ulionyooka unaingia kwenye mpindo. Kwenye skrini ni laini kabisa. Ilipotengenezwa na kupigwa vanishi, mteja anaona mahali inapoanzia kupinda, kama kovu. – Fundi samani, Keko, Dar es Salaam

Pole sana. Mimi nami niliwahi kurudishiwa kaunta ya namna hiyo, na nikabisha kwanza, kwa sababu mchoro ulionyesha kila kitu kiko sawa. Jioni taa zilipowashwa nikaona alichokuwa anakiona mteja.

Mistari miwili inaweza kukutana ikielekea upande mmoja bila pembe yoyote, na bado ikaachana kwa ukali wa mpindo. Ubao ulionyooka una mpindo sifuri. Ukiunga tao pale pale, mpindo unaruka ghafla kutoka sifuri hadi ule wa tao. Kidole hakihisi kitu, lakini mwanga unaoteleza juu ya vanishi unakatika.

Tiba iko kwenye nukta za kuvuta. Ya kwanza iwe kwenye kiungo. Ya pili ilaze kwenye mwendelezo wa mstari ulionyooka, na hapo mwelekeo utakuwa umelingana. Watu wengi huishia hapo. Ya tatu nayo ilaze kwenye mwendelezo huo huo: nukta 3 zikiwa kwenye mstari mmoja, splaini inaanza na mpindo sifuri na kukolea polepole. AutoCAD ina amri ya BLEND inayounga mistari miwili kwa splaini. Amri hiyo ina chaguo la tanjenti (Tangent), linalolinganisha mwelekeo tu, na chaguo la ulaini (Smooth), linalolinganisha mpindo pia. Kwa kazi itakayopigwa vanishi, chagua la ulaini.

Mwenye mashine ya CNC, ile inayokata kwa kuongozwa na kompyuta, amekataa faili langu. Anasema mashine yake haisomi splaini. – Mbunifu wa mabango, Arusha

Mpe polilaini, yaani mstari ulioungwa kwa vipande vilivyonyooka au matao. Kwanza tunza nakala ya splaini kwenye leya (tabaka la mchoro) nyingine, maana polilaini ni ngumu kuirekebisha. Kwenye AutoCAD, andika PLINECONVERTMODE uiweke 1 ili upate matao badala ya vipande vilivyonyooka. Kisha andika SPLINEDIT na uchague kugeuza kuwa polilaini. Utaulizwa usahihi, kati ya 0 na 99. Anza na 10, laza matokeo juu ya splaini, kuza picha uone tofauti. Usikimbilie 99: vipande vinakuwa vingi mno, na mashine inaweza kutembea kwa kusitasita na kuacha alama kwenye mbao.

Nimepima ubavu wa mashua ya babu kila sentimita 50, toka omo hadi tezi, kwa futi ya utepe. Nataka mchoro wake ubaki hata mashua ikioza. Nikipitisha splaini kwenye vipimo vyote inakuwa na mabonde, na mashua yenyewe haina. Je, nikibadilisha vipimo nitakuwa nimedanganya? – Msomaji, Unguja

Swali hili nimelifurahia kuliko yote. Hutakuwa umedanganya. Futi ya utepe juu ya ubavu uliopinda hukosea kwa milimita kadhaa kwa urahisi, ilhali fundi aliyeinamisha zile mbao hakuweka bonde kila nusu mita. Mbao nene isingekubali.

Weka vipimo vyako kama nukta tupu kwenye leya yake na uifunge, usiviguse tena. Juu yake chora splaini mpya yenye nukta 6 au 7 za kuvuta, ukiiacha ipite karibu na vipimo. Halafu washa kitana cha mpindo, zana inayoonyesha ukali wa mpindo kwa meno. Programu ya FreeCAD inacho na ni ya bure. Rhino na SolidWorks pia zinacho. Utaona meno yametoka kwenye mstari, marefu pale mpindo ulipo mkali. Kwenye ubavu mzuri, vichwa vya meno hupanda na kushuka taratibu. Meno yakirukia upande wa pili wa mstari, pale umegeuka, na kama mashua haigeuki hapo, nukta moja ya kuvuta imekaa vibaya.

Ukishapata kitana kilichotulia, pima umbali kati ya splaini na kila kipimo chako. Vilivyo ndani ya milimita 5, viache. Kikitokea kimoja kilichokaa mbali, usikifute wala usiuvute mstari ukifuate. Rudi kwenye mashua, upime tena mahali pale, na utazame ule ubao kwa makini. Huenda ulisoma futi vibaya, au huenda babu aliwahi kubadilisha ubao hapo, na hilo nalo linastahili kuandikwa kwenye mchoro.