Usitume hiyo laki nane kabla hujajua nani alimchukua

Dada, kama hiyo hela bado iko kwenye simu yako, iache hapo hapo. Umeandika kwamba babu yako alichukuliwa vitani kutoka Kigoma "wakati wa meli", kwamba bibi yako wa Kasulu yu hai bado, na kwamba umempata "mtafiti" ambaye ameshakuonyesha jina linalofanana na la babu kwenye orodha ya waliokufa vitani. Anataka laki nane akuletee faili kutoka Ulaya. Unauliza kama bei ni ya haki, kama Wajerumani wanalipa fidia, na namna ya kuchora ukoo wenu kwenye simu.

Niliposoma niliacha chakula mezani. Karatasi kama hiyo niliwahi kutumiwa. Aliyekutumia wewe huenda ni mwingine, lakini mchezo ni ule ule na mwisho wake naujua.

Mimi ni wa Tabora, na kwetu hasa ni Usoke, kwenye reli ya kwenda Kigoma. Bibi yangu mzaa baba alizaliwa miaka ya 1930, na tangu tukiwa wadogo alikuwa na maneno yake akibangua karanga jioni: "Babu yetu alifia vitani, ng'ambo." Basi. Ukimchimba zaidi anakwambia ngoja nimalize karanga zangu. Tulipomzika baba mwaka 2016 nikaona huyo babu lazima apatikane, watoto wangu wamjue.

Hapo ndipo nilipoharibu, na niliharibu kwa haraka. "Babu" nililielewa kwa namna yangu. "Ng'ambo" nikalielewa kwa namna yangu pia. Nikapiga hesabu kichwani: bibi kazaliwa miaka ya 1930, kwa hiyo huyu atakuwa mtu wa rika la wazazi wake, ami au mjomba, na vita ni vya Hitila, vile vya pili vya dunia, na ng'ambo ni ng'ambo ya bahari. Vijana wa Tanganyika waliopelekwa na Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walifika Ethiopia, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Hadithi ikakaa sawa kabisa. Nikaipenda. Sikurudi kwa bibi kumuuliza, maana nilishajijibu mwenyewe.

Ndipo akatokea yule bwana. Sitamtaja, ila ana kompyuta mpakato na maneno laini, na anajiita mtaalamu wa nyaraka za vita. Nikampa jina letu la ukoo na jina ambalo baba mdogo alidhani ndilo. Baada ya siku tatu akaniletea karatasi yenye rangi: jina hilo hilo, Keya, kafa 1944, kumbukumbu yake iko Burma. Laki sita na nusu. Nikalipa siku ile ile nikiwa nalia, nasema kweli.

Sasa sikiliza mambo mawili ambayo yule bwana aliyajua na mimi sikuyajua. La kwanza, orodha ile ni ya Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na kuitafuta kwenye intaneti ni bure. Bure kabisa, kwa simu yako hiyo hiyo. La pili, kwa askari wengi wa vita vya pili orodha ina mstari wa mwisho unaosema huyu ni mwana wa fulani, wa kijiji fulani. Kwenye karatasi yangu mstari huo haukuwepo. Alikuwa ameukata. Jina la kwanza na la pili yalikuwa majina ambayo ukiyaita pale soko kuu la Tabora watageuka watu kumi, halafu ule mstari mmoja ambao ungenionyesha kwamba si wetu akauondoa, akaniuzia yaliyobaki. Mwizi wa kuku anachukua kuku. Huyu alichukua maiti ya familia nyingine akatuletea tuilie sisi. Miaka imepita na bado nikimkumbuka mikono inatetemeka.

Tukachanga ukoo mzima. Ng'ombe, mchele, mashehe, na jiwe la kumbukumbu lenye jina, "BURMA 1944" kwa herufi kubwa. Milioni mbili na laki tatu, wengine waliuza mahindi ya akiba. Tukasoma khitma, watu wakaja mpaka kutoka Urambo. Jioni watu wamepungua, nikamkalisha bibi karibu na jiwe nikamsomea yaliyoandikwa. Akalipapasa, akaniambia taratibu: "Mmesoma vizuri. Ila huyu wa kwenye jiwe mimi simjui."

Tukasema ni uzee. Mimi ndiye niliyesema wa kwanza. Nikamjibu, "Bibi, karatasi imetoka Uingereza." Akanyamaza. Miezi saba baadaye akafariki, na katika miezi hiyo saba sikumuuliza tena hata mara moja.

Aliyetufumbua macho ni binamu yangu wa Dar. Aliingia kwenye ile orodha mwenyewe, akafungua lile jina, akaona mstari wa mwisho: baba mwingine, kijiji cha kusini kabisa mwa nchi. Nikaenda kwa shangazi, aliyelelewa na bibi tangu ananyonya, nikamuomba msamaha, halafu nikauliza maswali ambayo nilipaswa kuuliza mwaka 2016.

Shangazi akasema: "Babu yetu" maana yake babu wa bibi mwenyewe, mzaa mama. Vizazi vitano kutoka kwangu! Kiswahili chetu kinamwita babu mzaa baba, na baba yake, na baba wa baba yake, mpaka juu. Na ng'ambo haikuwa ng'ambo ya bahari. Ni ng'ambo ya mto, njia ya Mahenge, alikoachwa na wenzake akiharisha damu. Aliyeleta habari ni mpagazi mwenzake aliyerudi.

Akafungua fundo la bibi akanitolea sarafu ya shaba njano, heller 20, ina mwaka 1916 na herufi T. Zile heller ndizo zilizotupa neno "hela", na hiyo T ni Tabora: Wajerumani walipozibiwa njia ya baharini waligonga sarafu hapa hapa mjini. Sarafu hiyo niliwahi kumwonyesha yule bwana. Akaniambia haina uhusiano. Mwaka umeandikwa juu ya chuma, miaka 28 kabla ya Burma yake, na mimi nikamkubalia!

Halafu jambo la mwisho, ambalo ndilo lililonivunja. Shangazi akasema mama yake bibi alikuwa akiwaharakisha watoto kwa kusema "noki noki!", neno alilolisikia akiwa mtoto wa mgongoni siku walipokuja kumchukua baba yake, na mama yake akalikumbuka na kulirudia mpaka likawa la nyumbani. Sisi wote tumekua tukiharakishwa kwa neno hilo, tukidhani ni la kitoto tu. Shemeji yangu wa Ujiji, aliyekulia na majirani Wakongo, alikuwepo. Akasema: "Hicho ni Kilingala. Noki ni haraka."

Ukishajua hilo, kila kitu kinajipanga. Katika vita vya kwanza vya dunia, jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo lilipita kwetu Septemba 1916, likapigana na Wajerumani Usoke na Lulanguru, likaingia Tabora tarehe 19 mwezi huo. Mwaka uliofuata Wabelgiji hao hao wakaenda Mahenge, wakaiteka Oktoba 1917. Babu yetu hakuwa Keya, hakuona Burma. Alibebeshwa mzigo na Wabelgiji. Tulikuwa na mwaka, mahali na lugha ya waliomchukua, tumevikalia nyumbani miaka mia moja.

Kitu kimoja tu hatuna. Jina lake. Shangazi halijui, bibi alimwita "babu" tu. Aliyelijua ni bibi, na nilimwambia karatasi imetoka Uingereza.

Watani zangu wa Kigoma najua mnakuja kunicheka humu, njooni, karibuni sana, lakini kwanza mshikeni huyu dada yenu mkono.

Dada, ushauri wangu ni huu na sina mwingine: usitafute jina mpaka ujue nani alimchukua. Si "aliitwa nani". Ni nani alimchukua, na alimchukulia wapi. Kwa sababu aliyemchukua ndiye mwenye karatasi, kama zipo. Mikoa yetu hii miwili si kama mingine. Ndani ya miaka michache mtu wa Kigoma au Tabora aliweza kuchukuliwa na mikono mitatu tofauti. Mjerumani alichukua askari na wapagazi tangu 1914, na alipokimbia Tabora chini ya Jenerali Wahle kuelekea Iringa alikimbia na watu wetu, mizigo vichwani. Mbelgiji aliingia Kigoma tarehe 28 Julai 1916, na huko kwenu hakuondoka haraka. Kigoma ilikuwa mikononi mwake mpaka 1921. Mwingereza naye akakusanya wapagazi kwa maelfu kwa maelfu, ndio hao walioiachia Kariakoo jina lake. Ukikosea mkono, unapekua Berlin mtu ambaye habari zake ziko Brussels, au unamtafuta London aliyekufa akiwa upande wa Mjerumani. Huyo mtafiti wako alikuuliza nani alimchukua babu? Kama hakuuliza, hajaanza kazi, anauza.

Na bibi usimuulize "mwaka gani". Bibi zetu hawahesabu hivyo. Wewe mwenyewe umeandika "wakati wa meli", umeishika dhahabu mkononi hujaijua. Meli ipi, na ilikuwa inafanywa nini? Kama anaisema hii Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ile iliyokuwa Graf von Götzen, basi ilikuja kwa vipande kutoka Ujerumani, ikaungwa hapo Kigoma na kuingizwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi Julai 1916, siku chache kabla Wabelgiji hawajaingia mjini. Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Kama babu alichukuliwa meli inaungwa, aliyemchukua ni Mjerumani. Kama alichukuliwa meli imeshazama, shikilia Mbelgiji. Kama bibi anakumbuka habari ya kuibuliwa kwake, vita vilikuwa vimeshakwisha na huenda hadithi ni nyingine kabisa. Swali moja la meli lina thamani kuliko hiyo laki nane.

Muulize pia waliokuja walisemaje. Maneno yenyewe, hata kama kwake hayana maana. Walivaa nini kichwani. Babu alibeba nini, bunduki au mzigo, na usione aibu jibu likiwa mzigo. Kwetu wazee wa kiume walipenda sana iwe bunduki, ndiyo maana Burma ilitukolea haraka. Wapagazi wengi hawakuandikwa majina popote. Kamisheni yenyewe ya makaburi ilikiri kwenye ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina na huenda idadi inafika 350,000. Kwa hiyo anayekuahidi "faili" la mpagazi wa 1916 ndani ya wiki mbili anakudanganya mchana.

Fidia: Ujerumani Magharibi iliwalipa askari wazee waliobaki hai miaka ya 1960. Askari wenyewe, si wajukuu. Asikutoe shilingi mtu kwa jina hilo.

Jiwe letu tuliling'oa. Limelazwa kifudifudi nyuma ya ghala la baba mdogo, hatujapata moyo wa kulivunja kwa sababu lina jina la mtu aliyekufa kweli, mwana wa watu. Natafuta namna ya kuwafikia jamaa zake.

Wewe kesho asubuhi panda gari la Kasulu. Chukua simu yenye chaji na mtu anayesikia Kiha vizuri kuliko wewe, kaa na bibi akiwa anafanya kazi zake, usimkatishe. Muulize meli. Muulize waliokuja walisemaje. Kabla hujaondoka muulize jina, lote, lile alilopewa na wazazi wake. Ukirudi andika humu aliyosema, hasa maneno ambayo hukuyaelewa.