Jibu: Mtetea kavimba uso na anakoroma usiku

Pole dada. Uso kuvimba, jicho moja kuziba na kamasi zinazonuka, kwa ulivyoeleza, yanafanana sana na mafua makali ya kuku, ugonjwa unaoletwa na bakteria. Mtoe bandani leo hii. Baridi ya Moshi mwezi huu wa saba si ya mchezo, kwa hiyo mweke kwenye boksi lenye maranda makavu, mahali pasipo na upepo wa moja kwa moja. Awe na chombo chake cha maji, maana ndiko wanakoambukizana zaidi. Jicho mpanguse kwa pamba na maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Kuku asiyeona hawezi kula. Wahudumie wazima kwanza, yeye mwisho.

Hayo maji ya pilipili aliyokushauri jirani hayaui bakteria. Mwone afisa mifugo wa kata akupangie antibayotiki, na mayai msile mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite. Hata akipona anaweza kubaki na vimelea na kuwaambukiza wenzake. Mimi ningemchinja baadaye kuliko kumrudisha bandani. Ila ukiona shingo inapinda na kinyesi cha kijani, shuku kideri, ugonjwa mwingine wa kuku (Newcastle). Hicho hakina tiba, ni chanjo tu kabla hakijaingia.