Damu ya mjomba wako

Mwanangu,

Ile sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara tatu. Mara ya tatu ilibidi nitoke nje, maana dada yako alikuwa anatwanga na nilikuwa nasikia nusunusu. Umeniuliza jambo moja: usubiri hiyo tarehe mpya, wiki tatu kutoka sasa, au mchukue zile pesa za bati ukatolewe mawe ya nyongo kwenye hospitali ya kulipia. Nitakujibu. Lakini kwanza niambie, siku ile walipokurudisha nyumbani ulikula saa ngapi?

Maana umenieleza yote. Ulishavalishwa gauni, ulishawekewa kanyula, ile sindano ya dripu, mkononi, umefika mlango wa thieta, ndipo wakakwambia majeruhi wa ajali wameletwa na wewe urudi wodini. Ukaeleza ulivyogombana na sista, ukagombana na mumeo kwenye gari, na mtoto naye akapata lake. Kula hukusema. Tangu saa mbili usiku mpaka saa nane mchana wa pili yake! Nimewaambia ninyi tangu wadogo: mtu mwenye njaa haambiwi jambo, na akiambiwa asijibu. Mlikuwa mkinicheka. Mnadhani ni maneno ya bibi yenu niliyarithi tu. Hayo nimeyalipia mwenyewe.

Unaukumbuka mwaka wa mgao wa umeme, 2006, mlivyokuwa mnasomea koroboi. Mlijua mama kaenda kutolewa uvimbe, akarudi, akaenda tena. Ya katikati hamkuambiwa. Baba yenu, Mungu amrehemu, alisema hayana haja.

Nilikuwa natokwa na damu mno kila mwezi, wingi wa damu yangu kwenye kipimo ukashuka mpaka 8. Daktari akasema hanigusi mpaka ziwepo chupa mbili za damu, ndugu wajitolee. Mjomba wenu akashuka nasi mpaka Mombo, tukaunganisha basi, akatoa moja, na kijana wa jirani akatoa ya pili. Nikaambiwa nisile wala nisinywe, kwa sababu ukilazwa usingizi tumbo likiwa na chakula, kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Nikakaa kwenye machela koridoni, nimefunikwa khanga yangu ile ya zambarau, tangu saa moja asubuhi. Saa tatu. Saa tano. Umeme umekatika, na jenereta ilikuwa ya dharura tu. Mimi na uvimbe wangu hatukuwa dharura.

Saa saba akaja nesi, binti mdogo, kofia imemkaa upande. Akainama akaniambia taratibu, "Mama, leo haitawezekana. Kuna mzazi ameletwa, anapoteza damu." Nikamuuliza, basi kesho? Akasema kesho hajui, na tena itabidi tutafute watu wengine wa kutoa damu, kwa sababu zile chupa zimetumika.

Mwanangu, nilisimama. Mimi, mama yenu, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, nilisimama koridoni na gauni lisilofungika nyuma, nikapaza sauti wodi nzima ikasikia: "Nirudishieni damu ya kaka yangu!"

Yule binti hakunijibu vibaya. Alisema tu, "Mama, imeshaingia kwa mtu."

Mpaka leo nikifua khanga ile naisikia sauti yake. Mle ndani kulikuwa na mwanamke mwenzangu anakufa, na mimi nadai chupa. Nimejitetea miaka yote hii kwamba ilikuwa njaa, na ni kweli ilikuwa njaa, kwa sababu baba yenu aliponiletea uji wa ulezi kwenye kile kikombe cha bati, nilikunywa nikaanza kulia, na nikiwa nalia nikauliza yule mzazi kapona? Akanijibu kapona, na mtoto mzima. Kwa nini sikuuliza hilo kwanza? Uji ndio uliokuja na utu? Hapo ndipo huwa nashindwa kujijibu.

Mjomba wenu yeye alifurahi. Ndiyo maana kila Krismasi akishashiba husema "nina mwanangu mwingine huko chini" na mawifi zenu wanamwangalia vibaya. Si mtoto wa nje. Anahesabu mpaka umri wa mtoto yule, kwamba sasa kamaliza shule.

Tulikaa wiki sita. Mjomba hakuweza kutoa tena, mwanaume husubiri miezi mitatu. Na mtu kutoa mapema ikawekwa haikuwezekana, damu yenyewe hukaa kwenye friji siku 35 tu. Aliyetoa mara ya pili ni baba yenu, yule aliyekuwa anaogopa sindano kuliko chatu. Alifumba macho akaimba pambio zima, beti zote. Na katika wiki zile sita nilimeza vidonge vya kuongeza damu, nikala mchicha na maini, nikafika 10. Daktari akasema afadhali. Watu wakaja kuniambia unaona, Mungu alipanga. Niliwakasirikia. Kama alipanga, angenipangia na nauli ya mara ya pili. Tuliuza mbuzi.

Kwa hiyo sikwambii uwe mpole. Mpole husahaulika. Kula kwanza, halafu rudi pale ukaulize kwa sauti ya kawaida: sababu ilikuwa nini, tarehe mpya imeandikwa kwenye daftari au imesemwa mdomoni tu, na utakuwa wa ngapi kwenye orodha. Mwombe daktari akuweke wa kwanza asubuhi, maana wa mwisho ndiye anayerudishwa. Uliza vipimo vipi vitarudiwa na kibali cha bima kinaisha lini. Vidonge vyako vya presha, ulivyoambiwa kuhusu asubuhi ya upasuaji ilikuwa kwa asubuhi ile. Uliza sasa unaendeleaje navyo, usikae kwa kubahatisha. Na ukiona macho yanageuka manjano, au homa na baridi, au maumivu yamekukaba yasiachie, usingoje tarehe ya mtu. Nenda usiku huohuo. Hapo wewe ndiye dharura, na mwingine atarudishwa wodini kwa ajili yako, naye atakutukana.

Sasa kuhusu pesa za bati. Mimi sisemi. Ni zenu wewe na mumeo, na mvua haininyeshei mimi. Ila daktari huyo ndiye aliyekuona tangu mwanzo, ndiye aliyeyaona hayo mawe kwenye picha, na hakuwa amekaa anakunywa chai. Alikuwa anashona watu. Wiki tatu si sita. Halafu tena nikikumbuka nilivyokuwa navuja wiki zile, nikilala juu ya nailoni ili nisiharibu godoro, najiuliza: tungekuwa na pesa, ningesubiri? Nisingesubiri hata siku moja. Ningeuza na mbuzi wa pili. Sasa unaona mtu wa kumwomba ushauri ni yupi. Dada yako anasema niandike tu ninachofikiri. Ninachofikiri nimekiandika, mkisoma mtakiona, lakini sijasema.

Mumeo mwombe radhi, alikuwa na njaa naye. Sista pia, ukimkuta. Mimi yule binti sikumkuta tena, mara ya pili alikuwa amehamishwa.

Nimekufungia peasi kwenye boksi, kondakta nimemlipa, mumeo akalichukue stendi kesho jioni. Kuna na ndizi za kupika chini yake. Zichemshe na chumvi tu, usitie nazi, hiyo nyongo yako haitaki.

Mama yako