Jibu: nyumba ya Diani, jikoni na sebule pamoja ama mbalimbali?

Mkuu, umeuliza utenganishe jikoni na sebule ama uache wazi, na Disemba mnashuka watu kama kumi na tano. Acha wazi. Mimi niko Buruburu, Nairobi, lakini nyumba yetu ya pwani iko Kilifi, na kosa letu lilikuwa kubeba ramani ya Nairobi vile ilivyo, madirisha madogo, korido ndefu katikati, ikawa joto balaa na watu wote wakaishia kukaa nje chini ya mwembe.

Anza na upepo. Kaskazi inavuma kama Disemba hadi Machi, kusi inashika kuanzia Aprili, kwa hivyo fungua pande zote mbili upepo uingie huku utokee kule. Halafu baraza, na sio ile veranda nyembamba ya viti viwili, jenga baraza la mawe pana mtu anaweza kulala akishiba pilau, utupie mkeka na mito. Kwetu mama anachagulia mchele hapo huku watoto wanamwaga mchanga kila mahali na hakuna anayegombezwa. Bomba la kuoshea miguu liwe kabla ya mlango, sio nyuma ya nyumba, sisi tulijifunza tukifagia.

Makuti ni poa kwa joto ila utayabadilisha baada ya miaka michache. Mabati ya kawaida chumvi itayala, misumari pia. Vyumba vya kulala fanya vidogo tu, kwani nani anaenda pwani kukaa chumbani?