Video ya mpira wa kikapu ya kuombea chuo Marekani: kocha anatazama nini

Kila UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ikiisha, simu yangu hujaa linki. Wadogo zangu wa kikapu, wengine hata hatujawahi kuonana, wananitumia video na swali lilelile: "Kaka, cheki hii, naweza kupata chuo?" Nazifungua zote. Nyingi zinaanza na jina linalowaka moto, unafuata muziki wa kupasua masikio, kisha danki, yaani kuruka na kuusindika mpira kikapuni kwa mkono: danki, danki, danki.

Nilisoma chuo kidogo huko Marekani na nilipewa kazi ya kusaidia ofisi ya timu ya kikapu, kwa hiyo niliwaona makocha wakizitazama hizi video. Kocha msaidizi anafungua linki huku anakula, sauti ameizima. Jina linalowaka moto analiruka. Ikifika danki anasimamisha, anarudisha nyuma, na swali lake ni hili: "Huyu aliyekuwa anamkaba ana urefu gani?" Halafu anasogeza mbele kutafuta sehemu moja ambayo mchezaji hana mpira. Asipoiona, anafunga na kufungua linki ya mwingine.

Kwa hiyo, dogo, weka vipande ambavyo huna mpira. Unamkaba mtu kwa miguu badala ya kumpapasa kwa mikono. Mwenzako amepitwa, wewe unatoka kwa mtu wako kwenda kuziba. Mmepoteza mpira, unakimbia kurudi wakati wengine wanamlalamikia refa. Hicho cha mwisho nilimwona kocha akikirudia kuliko danki yoyote. Kama unacheza namba moja, yaani mchezeshaji wa timu, aone pasi zako ukibanwa na watu wawili, na mkono wako wa kushoto. Namba tano, yaani yule mrefu wa chini ya kikapu, aonyeshe anavyomzuia mtu kwa mgongo kabla ya kugombea mpira uliokosa kikapu (ribaundi), na anavyosimama kumzuia mkabaji ili mwenzake apite (skrini).

Hasheem Thabeet alitoka Dar, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwenye drafti, yaani uchaguzi wa wachezaji wapya, ya ligi ya NBA. Kwa futi 7 na inchi 3, hata video mbovu ingemtosha. Wewe wa futi 6 na inchi 2 itabidi tuone unachofanya.

Dakika tatu au nne zinatosha. Vipande vyako vikali vitano viwe mwanzoni kabisa, usimwekee mtu akiba ya mwisho ambayo hataifikia. Kila kipande kianze sekunde chache kabla ya tukio, na picha isimame kidogo ikiwa na mshale au duara juu yako, maana uwanjani mko kumi na jezi zenu zimepauka. Acha tukio liishe ndipo ukate. Ukikata mara tu mpira unapotoka mkononi, anayetazama atadhani ulikosa. Mwendo wa taratubu uache kabisa, kwa sababu kasi yako ndiyo anayotaka kuipima. CapCut, programu ya kuhariri video kwenye simu, inafanya kazi yote hii.

Sasa kurekodi. Simu ishikwe kwa upana, isiwe wima. Anayerekodi akae juu, jukwaani au hata juu ya meza, usawa wa katikati ya uwanja, na asivute picha kumfuata mwenye mpira. Wachezaji wote kumi waonekane. Pale viwanja vya JMK Park, Kidongo Chekundu, Dar, jioni jua linapiga vibaya, kwa hiyo akae upande ambao jua liko mgongoni kwake, la sivyo mtaonekana vivuli vitupu. Simu iwekwe hali ya ndege, maana mama akipiga katikati ya robo ya tatu, kurekodi kunaweza kukatika. Na rekodi mechi nzima, kila mechi. Vipande utavitoa humo baadaye.

Mwanzoni andika kwenye picha moja tulivu: jina kama lilivyo kwenye pasi ya kusafiria, mwaka wa kumaliza shule, nafasi, namba ya jezi, urefu, barua pepe, na simu yenye +255. Urefu upimwe bila viatu. Siku ya kwanza mazoezini watakupima tena, na inchi mbili za uongo zitaonekana mbele ya watu. Umri vilevile usiudanganye.

Kisha ipandishe YouTube, iwe ya kuonekana kwa mwenye linki tu. Ukiituma kwa WhatsApp inabanwa hadi mpira hauonekani, na faili la mtandaoni ambalo halifunguki hadi mtu aombe ruhusa, hakuna kocha atakayeliombea.

Video ni nusu ya kazi. Divisheni I na II za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinataka masomo 16 ya msingi ya sekondari, kwa hiyo matokeo yako yatasomwa kabla mtu hajazungumzia pesa. NCAA yenyewe iliondoa sharti la SAT, mtihani wa kuombea chuo, mwaka 2023, ila chuo bado kinaweza kuitaka. Divisheni III haitoi ufadhili wa michezo kabisa. Vyuo vilivyo chini ya vyama vingine, vya NAIA na vile vya miaka miwili vya NJCAA, vijana wengi hawavijui, na huko makocha hujibu haraka zaidi. Anayekudai pesa ili "akupeleke kwa kocha" mkimbie, anuani za makocha zimewekwa wazi kwenye tovuti za vyuo.

Wakimbiaji ninyi hamnihusu. Mkimbiaji wetu Suleiman Nyambui alipokwenda UTEP, Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso, kilichosema ni muda wake, na ninyi hadi leo mnaulizwa muda.

Kocha akijibu na kuomba mechi nzima, usihangaike kutafuta ile mliyoshinda kwa pointi arobaini dhidi ya timu ya mtaani. Mtumie ile mliyofungwa na timu ngumu, ukiwa umecheza dakika nyingi, na umwandikie jezi yako na rangi yake. Mtumie siku hiyohiyo.