Re: Ramani imepotea baada ya kuhamia HTTPS

Dada yangu, cheti chako cha HTTPS (njia salama ya kufungua tovuti) hakina kasoro. Ramani ya kufikia nyumba zako za wageni pale Nyali haitokei kwa sababu ukurasa bado unaiita kwa http://, njia ya zamani isiyo salama, na kivinjari huzuia kabisa skripti (msimbo unaoendeshwa ndani ya ukurasa) na fremu (dirisha la tovuti nyingine ndani ya ukurasa) za namna hiyo. Picha ndizo huponea, maana Chrome huzijaribu yenyewe kwa https. Bonyeza F12, fungua konsoli (sehemu ya kivinjari inayoonyesha makosa ya ukurasa), utaona kila anwani iliyokataliwa.

Kwa kuwa tovuti yako imejengwa kwa WordPress, tafadhali sana usibadilishe http:// kuwa https:// kwa SQL tupu, yaani amri za moja kwa moja kwenye hifadhidata! Mipangilio mingine huhifadhiwa pamoja na idadi ya herufi zake. "S" moja ikiongezeka, idadi hailingani tena na mipangilio hiyo inavurugika. Chukua nakala ya hifadhidata kwanza, halafu tumia wp search-replace, amri ya WordPress inayorekebisha na idadi hizo. Anwani ya ramani iko nje ya kikoa chako (jina la tovuti yako), hiyo ibadilishe kwa mkono.